Msinicheke, nafikiria kazi ya mirathi

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, alhamdulillahi. Nilikuwa TP, nikatoka TP nikaenda nyumbani Muheza kumalizia likizo, na huko nyumbani ndiko nilikobeba jambo ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu chuo kifunguliwe. Leo nalitua hapa, mnisaidie kulibeba au mnicheke, vyovyote mtakavyoona.

Jambo lenyewe ni hili. Nafikiria nikimaliza hii digrii ya ualimu nijielekeze kwenye usimamizi wa mirathi. Yaani ile kazi ya kukusanya mali za marehemu, kulipa madeni yake, kuwapa warithi haki zao na kurudisha hesabu mahakamani. Nilipomwambia mwenzangu chumbani alicheka mpaka akakohoa. "Yaani shoga, uache kufundisha watoto walio hai uende kugawa vitu vya waliokufa?" Mwingine ni jamaa wa sheria, huwa tunapiga naye msuli kimbweta kimoja. Huyu hakucheka, aliuliza tu taratibu: kwani wewe mirathi umeisomea wapi? Maswali yote mawili ni ya haki na nitayajibu. Lakini kwanza niwasimulie kilichonipata, maana wazo halikuanguka toka mbinguni.

Babu yangu alifariki mwishoni mwa 2022. Aliacha mjane mmoja, ambaye ni bibi yangu, watoto wa kiume watatu (baba mkubwa, baba yangu na baba mdogo) na mashangazi wawili. Aliacha shamba la michungwa, nyumba wanayokaa, na nyumba nyingine ya vyumba vinne mjini iliyopangishwa. Si utajiri, lakini si haba. Ukoo ukakaa, muhtasari ukaandikwa, baba mkubwa akapendekezwa, na Februari 2023 mahakama ya mwanzo ikamteua kuwa msimamizi. Watu wakapeana mikono, wakala pilau, wakarudi makwao. Basi. Kimya.

Kimya hicho kilidumu miaka miwili na zaidi. Kodi ya ile nyumba ilikuwa inakuja kila mwezi, shilingi 30,000 kila chumba. Aliyekuwa anaipokea ni baba mkubwa. Hakuna aliyeuliza kwa sababu kumuuliza kaka mkubwa hesabu kwetu ni kama kumwambia mwizi. Mpaka mwaka 2025 shangazi mdogo, ambaye kwa kweli maisha yamempiga, akafunga kibwebwe akaenda mahakamani kuomba usimamizi ule utenguliwe. Hakimu hakutengua. Alimpa baba mkubwa siku 30 alete orodha ya mali na hesabu. Na baba mkubwa, mwee, ndiyo akakumbuka kwamba ana mtoto wa ndugu yake anasoma chuo kikuu na yupo nyumbani hana kazi.

Nilimkuta barazani na bahasha ya kaki imejaa karatasi. Nikamwamkia, akaitikia bila kuniangalia. Akaniambia, "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niandikie hivi vitu viwe vizuri."

Wapendwa, kusoma kwangu ni Kiswahili na Historia. Lakini nikaketi mkekani na kaunta buku, nikaanza. Fomu namba 5 inataka mali zote za marehemu na madeni yake yote. Fomu namba 6 inataka fedha zilizoingia, zilizotoka na kilichouzwa. Hiyo ya 5 ilitakiwa ifike mahakamani ndani ya miezi minne tangu ateuliwe. Miezi minne! Sisi tulikuwa tunakaribia miaka mitatu.

Hesabu ikawa hivi. Kodi kuanzia Machi 2023 mpaka Oktoba 2025 ni miezi 32. Kwa 120,000 kila mwezi inakuwa 3,840,000. Baba mkubwa alikuwa na risiti za mabati na fundi, 400,000, na deni la babu kwenye duka la dawa za michungwa, 240,000. Hizo ni halali kabisa, marehemu halali usingizi na deni la watu. Ikabaki 3,200,000 ya kugawana. Mkononi akawa na 1,550,000. Sasa nyingine iko wapi?

Alinieleza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa. Alichukua 900,000 mke wake alipolazwa. Alitoa 300,000 kwenye harusi ya mtoto wa baba mdogo. "Na hii 450,000," akanyamaza kidogo, "hii ni ile kompyuta yako, mwanangu. Uliyonunuliwa ulipochaguliwa chuo."

Wadau, kompyuta hiyo ndiyo ninayoandikia hapa. Mimi nilikuwa nimeambiwa ni zawadi ya baba mkubwa. Niliitangaza mpaka kwa wapangaji! Kumbe ilinunuliwa kwa kodi ambayo ndani yake mna fungu la bibi yangu, na mna fungu la shangazi yule yule ambaye watu walikuwa wanamsema kuwa ana tamaa. Mjukuu ambaye baba yake yu hai, na baba zake wakubwa na wadogo na mashangazi wote wapo, hana fungu. Mimi sikuwa mrithi. Nilikula mirathi ya watu bila kujua.

Nikiri kitu. Mkono ulisita. Ningeweza kuandika "ukarabati wa choo" na hakuna ambaye angejua, na baba mkubwa alikuwa ananiangalia kama anayesubiri nifanye hivyo hivyo. Mwisho nikaandika: kompyuta ya mjukuu, 450,000, ihesabiwe kwenye fungu la baba yake. Na zile nyingine nikaziandika hivyo hivyo, kila moja kwenye fungu la anayehusika.

Kwa sisi Waislamu mjane akiwa ameachiwa watoto anapata thumuni, moja ya nane, na kinachobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja. Kwetu ukigawa kila kitu vipande 64 inakaa sawa bila kukwaruza: bibi 8, kila mtoto wa kiume 14, kila shangazi 7. Ile 3,200,000 ukiigawa kwa 64, kipande ni 50,000. Bibi 400,000. Baba zangu watatu 700,000 kila mmoja. Mashangazi 350,000 kila mmoja. Baba mkubwa alishachukua 900,000, kwa hiyo anadaiwa 200,000. Baba mdogo amebakiza 400,000 baada ya harusi. Baba yangu, baada ya kompyuta, amebakiza 250,000. Baba mkubwa akauza mbuzi wake kufidia ile laki mbili, na siku ya kugawana pesa ilitosha mpaka shilingi ya mwisho. Shangazi mdogo alipopewa laki tatu na nusu yake hakuhesabu. Aliomba tu asomewe ule ukurasa wa kaunta buku. Nikamsomea mara mbili.

Nyumba zenyewe na shamba bado, hayo yatachukua muda. Mavuno ya machungwa wote wamekubali bibi ale. Lakini watu wanasalimiana, na mambo yameandikwa.

Sasa nije kwenye hoja yangu, maana hapa sijaja kusimulia ya kwetu tu. Hoja yangu ni kwamba usimamizi wa mirathi ni kazi ya kutoa hesabu, na nchi hii tunaiendesha kama vile ni cheo cha ukoo. Tunamchagua mkubwa kuliko wote, au mwenye sauti kuliko wote, au mwenye gari. Tukishamchagua tunamwona kama ndiye amerithi. Yeye mwenyewe baada ya muda anajiona amerithi. Baba mkubwa wangu si mwizi, na nitamgombea mtu yeyote atakayesema hivyo. Aliuguza mke, alichangia harusi, alinunulia mtoto wa nduguye kompyuta. Ni mambo ambayo kaka mkubwa hutarajiwa kufanya. Tatizo ni kwamba aliyafanya kwa mfuko usio wake, na hakuna aliyemkalisha chini siku ya kwanza akamwambia: kuanzia leo una mifuko miwili, na huu wa pili kila shilingi yake utaieleza.

Na sheria haina mzaha hapo. Msimamizi akitumia mali vibaya ikapotea, anatakiwa afidie yeye mwenyewe. Asipopeleka orodha au hesabu kwa makusudi, uteuzi wake unaweza kutenguliwa. Mahakama haiji kugawa mali nyumbani kwenu, kazi ya kugawa ni ya msimamizi. Na muhtasari wa kikao cha ukoo ni mapendekezo tu, anayeteua ni mahakama. Mangapi kati ya haya yanajulikana vijijini? Mimi mwenyewe niliyafahamu mkekani.

Halafu kuna ugumu wa pili, sheria ya mirathi Tanzania si moja. Kuna ya Kiislamu, hiyo niliyowapigia hesabu. Kuna za kimila, na sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziliweka kwamba mjane aliyeachiwa watoto hana fungu, aangaliwe na watoto wake. Na kuna ile Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ndiyo, 1865, ambayo mahakama zetu huitumia hasa kwa Wakristo walioishi nje ya mila. Hiyo inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili. Wajane watatu, mtaa mmoja, mafungu matatu tofauti. Tena mahakama ya mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu tu. Ukikosea mlango mwanzoni unaweza kuja kuambiwa uanze upya.

Wenzangu wa Historia mtakumbuka kesi ya Ephrahim na Pastory ya mwaka 1990, pale Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi sawa na mwanamume. Na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliiambia Tanzania kuwa wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa nyumbani na upande wa waume zao, walivunjiwa haki. Najua wengine mtaniuliza, na hizo 7 kwa 14 za mashangazi zako je? Huo mjadala ni mkubwa na una wenyewe. Ninachojua ni kwamba shangazi yangu kwa miaka karibu mitatu hakupata hata hizo 7. Kabla hatujabishana fungu la mwanamke liwe kiasi gani, kuna mtu anatakiwa ahakikishe fungu alilonalo leo linamfikia.

Haya, maswali yenu. La kwanza, kwa nini mwalimu? Hebu tazameni tunachofundishwa na tunachokwenda kufanya. Mwalimu anaitunza rejesta kila siku. Anapokea, anaandika, anakabidhi. Anaeleza jambo gumu kwa mtu asiyelijua bila kumdhalilisha, na akishaeleza anauliza "nani anirudie". Anasimama mbele ya watoto 100 wenye hasira ya njaa na wanatulia. Kikao cha ukoo ni nini kama si darasa lenye watu wazima waliokasirika? TP nilisahihisha madaftari mpaka macho yakavimba, na mtoto akija na "mwalimu hapa umeninyima maksi" inabidi nimwonyeshe nilivyofika pale. Ndiyo kazi ile ile. Na Kiswahili chetu kina kazi. Mahakama za mwanzo zinaendeshwa kwa Kiswahili siku zote, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya mahakama na sheria. Lakini Kiswahili cha fomu na Kiswahili cha bibi yangu haviko mtaa mmoja, lazima mtu avikutanishe.

La pili, umesomea wapi? Hapa jamaa wa sheria amenibana na nakubali nimebanwa. Nimeulizia. Wakala unaohusika ni RITA, ulioanzishwa 2006, na ndani yake kuna Kabidhi Wasii Mkuu ambaye pamoja na mengine husimamia mirathi na kutunza wosia. Lakini kazi hizo huwa za waliosoma sheria. Shahada ya sheria hapa Mlimani ni miaka minne, kisha Shule ya Sheria juu yake. Nikianza leo nitamaliza nikiwa na mvi. Njia fupi zaidi ni stashahada ya sheria, pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto kwa mfano, si mbali na kwetu. Nyingine ni kupata mafunzo ya msaidizi wa kisheria, ambaye anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ila msaada wa kisheria ni bure kwa anayeupata, kwa hiyo huo si mshahara, ni sadaka yenye cheti.

Lakini kuna kitu jamaa alinionyesha mwenyewe, na kikanikaa. Sheria inayoongoza mahakama za mwanzo inaruhusu mahakama, ikiona inafaa kulinda mali, imteue ofisa wa mahakama au mtu mwenye sifa njema asiye na upande, aliye tayari na anayeiweza kazi, peke yake au pamoja na ndugu. Asiye na upande! Yaani mlango upo, tunaosimama mlangoni ndio hatupo. Familia nyingi zinaleta kaka mkubwa kwa sababu hazimjui mtu mwingine wa kumleta.

Mwenzangu chumbani ana pingamizi la tatu, na hili ndilo zito. Anasema mgeni hawezi kujua siri za ukoo. Hajui kwamba marehemu alimwahidi fulani ng'ombe, wala kwamba kuna mtoto wa nje ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja. Ni kweli. Ndiyo maana simwoni huyu mtu akichukua nafasi ya ukoo. Namwona akikaa pembeni ya baba mkubwa tangu wiki ya kwanza: cheti cha kifo kifuatiliwe mapema (kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30), orodha iandikwe watu wote wakiwa bado wako msibani, daftari lifunguliwe, mwezi wa nne ukifika fomu iko mezani. Siri abaki nazo mwenye ukoo, daftari liwe la wote.

Na mkate je? Nisiwadanganye. Sijaona mtaani kibao kimeandikwa "msimamizi wa mirathi hapa" kama vya mafundi simu. Wanaolipwa kwa kazi hii ni mawakili na watumishi wa RITA. Lakini na ualimu wenyewe mnaujua, siku hizi hakuna kumaliza ukapangiwa kituo moja kwa moja, mpaka usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na mnaujua ule msururu. Kwa hiyo hoja ya "achana na kisicho na uhakika" hainitishi sana, uhakika wenyewe uko wapi?

Basi uamuzi wangu kwa sasa ni huu. Namaliza ualimu, UE zangu nazifanya, cheti nakichukua. Nikipata kituo nafundisha. Mafunzo ya msaidizi wa kisheria nayatafuta mwaka huu huu likizo ikifika, na nikipata ada ya Lushoto nitakwenda Lushoto. Sitaki kuwa wakili. Nataka nikiingia kwenye msiba wa watu, watu waseme huyo binti wa daftari amekuja, mambo yatakwenda.

Na kompyuta? Baba yangu anasema imekwisha, imehesabiwa kwenye fungu lake, nisijitese. Kisheria yuko sawa. Lakini ile 350,000 ya shangazi ingefika 2023 kwa wakati, mtoto wake wa kwanza asingekaa nyumbani muhula mzima. Hilo halina fomu. Boom likitoka nitamtumia kidogo kidogo, yeye hajui kwa nini na sitaki ajue.

Kazi ya nyumbani kwenu, wadau: nyumbani kwenu kama kuna msiba uliopita na msimamizi aliteuliwa, ulizeni kwa adabu, shikamoo kwanza, "lile daftari liko wapi?" Halafu njooni mniambie mmejibiwaje.

Alamsiki.